Chuo Ndani ya Simu

Kisondela, Tukuyu
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwa Dada yangu Hadija,

Asalaam aleikum, na shikamoo Dada. Najua salamu zangu si kitu unachokitamani siku hizi, lakini Baba alitulea kwamba hata uliyegombana naye humwanzi neno kabla ya salamu, basi nipokelee. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mtama mmeuwahi, au ndege wamewatangulia kama mwaka jana? Huku mvua haina adabu, inanyesha hata jua likiwaka, na nguo niliyoianika Alhamisi bado imelowa. Mwili wangu hauna ugonjwa. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia kwamba mimi ni mzima.

Siku ya kumi na tisa leo hupokei simu yangu. Ulinitumia neno moja tu, "Usinipigie," nami nimekutii. Ndiyo maana nimenunua daftari na kalamu, vitu nilivyovisahau tangu simu zituharibu mikono. Barua hii anakuletea Mzee Salimu, muuza vitenge wa Tukuyu mjini, tunayeswali naye. Anakwenda Dodoma kununua mzigo, na pale ataikabidhi kwa dereva wa basi la Kondoa. Nakuomba usiichane kabla hujaimaliza. Ukishaimaliza, fanya utakavyo.

Nataka kukueleza kwa nini sikumzika Baba. Nilikudanganya mara mbili. Kwanza nilikuambia wakubwa wamenikatalia ruhusa. Pili nilikuambia siku ile simu haikupatikana kwa sababu mvua ilikata mtandao. La kwanza ni nusu ya uongo. La pili ni uongo mzima, na ndilo linalonikaba roho.

Unakumbuka mwaka jana nilipokuambia nimejiunga na chuo kwa njia ya mtandao, kile cha cheti cha usimamizi wa biashara kwa watu walio kazini? Hapa kituoni tunapokusanyia parachichi za wakulima, mimi ni msimamizi tu, na nimekuwa msimamizi miaka sita. Meneja wa kanda, Bwana Kelvin, aliniambia wazi kwamba kituo kinatafuta meneja wake, kazi naijua, ila uzoefu hauna mhuri. Nikaona haya, mtu wa umri wangu kurudi shule, lakini nikajiandikisha. Mihadhara ilikuwa video. Wenzangu walipokuwa wanakula ndizi za mchana, mimi nilikuwa nyuma ya stoo nimekalia kreti, waya masikioni, namsikiliza mwalimu ambaye sikuwahi kumwona miguu.

Nilipompigia Baba kumweleza, alicheka mpaka akakohoa. "Chuo ndani ya simu! Na mwalimu akitaka kukuchapa, anatoa mkono kwenye kioo?" Lakini wewe mwenyewe uliniambia kwamba Ijumaa ile alisimama nje ya msikiti akimsimulia kila mtu kuwa Shabani wake anasoma chuo kikuu. Hakusema cheti. Alisema chuo kikuu. Sikumsahihisha.

Sasa sikiliza. Ili kupata cheti ilibidi kila mmoja wetu afanye mradi juu ya mahali pake pa kazi. Mwalimu alisema: tafuteni mnapopotezea muda, kisha pendekezeni dawa. Wengine waliandika juu ya foleni, wengine juu ya magari mabovu. Mimi sikuhangaika kutafuta. Hapa muda unapotea msibani.

Dada, watu wa huku wanazikana. Si kuzikana kwa kwetu, kwa kuswali, kufukia na kurudi shambani. Akifa mtu kijijini, jembe linalala. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanabeba ndizi, maharage na kuni, na hakuna anayeshika kazi mpaka marehemu azikwe, hata kama ni bibi wa kijiji cha pili ambaye hujawahi kumwamkia. Asiyekwenda anatajwa jina, na siku yake ikifika anachimbiwa kaburi na watoto wake peke yao. Na maiti inasubiri. Kama mwana yuko Dar, inasubiri Dar. Kama gari limeharibika Iringa, inasubiri Iringa. Siku mbili, siku tatu, na huku kituoni parachichi zinaiva juu ya meza.

Nikaandika kurasa kumi na mbili. Nilipendekeza ruhusa ya msiba itolewe kwa kifo cha mzazi, mwenza au mtoto tu. Itolewe baada ya karatasi ya mtendaji wa kijiji kuthibitisha kifo. Iwe siku tatu, kwa sababu, nakumbuka maneno yangu, "wafanyakazi wote kwao ni karibu." Atakayekosa kuja kazini kwa msiba mwingine arudishe kadi yake ya kazi, yaani kazi imekwisha. Mwalimu aliniandikia kwamba ni mradi bora kuliko yote darasani. Nikaifunga simu nikatabasamu peke yangu pale nyuma ya stoo. Nakuambia hili ili ujue ni mtu gani anayekuandikia.

Kwa taratibu za chuo, mkuu wa kazi lazima ausome mradi na kuusaini. Bwana Kelvin aliusoma kwa siku mbili. Wiki iliyofuata nikaukuta ubavuni mwa geti, umepigwa chapa na umebandikwa, chini kuna saini yake na juu kuna nembo ya kampuni. Nilimwambia, "Bosi, ile ilikuwa kazi ya shule." Akanipiga bega. "Shabani, shule si ya mchezo."

Wa kwanza kurudisha kadi alikuwa Mama Tusekile. Nimewahi kukutajia huyu, ni mchambuzi wa matunda, mama mtu mzima ambaye akilishika parachichi kwa vidole vitatu anakuambia lina siku ngapi. Yote ninayoyajua juu ya tunda hili amenifundisha yeye. Alifiwa na jirani. Akaenda kuzika, kama alivyokwenda kuzika maisha yake yote. Kesho yake ikawa kazi yangu mimi msimamizi kuipokea kadi yake. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya lile tangazo akalitazama, ingawa hasomi, kisha akaniuliza, kwa "tata" ile yao ya kumwita mtu baba kwa heshima:

"Tata, siku yangu mimi ikifika, itanizika kampuni?"

Nilimjibu ni utaratibu. Ndiyo, Dada. Nilimjibu hivyo, na mikono yake bado ilikuwa na utomvu wa matunda ya juzi.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walikwisha sema. Mimi nilikichimba na nikapewa alama nzuri.

Ulipiga Jumatatu asubuhi. Nakumbuka sauti yako ilivyokuwa, haikuwa na haraka, na hilo ndilo lililonitisha. "Baba hali chochote tangu juzi. Anakuulizia wewe. Njoo." Nilikwenda kwa Bwana Kelvin nikiwa bado nimeshika simu. Si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akanitoa nje mpaka getini na kuweka kidole kwenye mstari wa pili. "Ugonjwa haumo kwenye orodha yako, Shabani. Mama Tusekile nilimtoa kwa karatasi hii. Nikikupa wewe, wale wa ndani watasemaje?" Kisha akasema polepole kwamba kontena linapakiwa wiki ile, kwamba jina langu lipo makao makuu kwa nafasi ya umeneja, na kwamba mlango uko wazi, akitaka mtu kwenda aende, ila asirudi.

Hapo ndipo nusu ya ukweli ilipo. Walinikatalia, ni kweli. Lakini mlango ulikuwa wazi. Ningepanda basi siku ileile, Jumatano ningekuwa nimekaa kitandani kwa Baba. Hakuna aliyenishika shati. Na kituo hakikuwa peke yake kilichonizuia. Alhamisi saa tisa mchana nilitakiwa kuuwasilisha mradi mbele ya walimu, kwa video, na asiyewasilisha hapati cheti. Nikajiambia Baba ameugua mara ngapi na akainuka? Nikajiambia nitamletea cheti akishike mkononi, kitamponya. Nikakupigia nikakuambia wamekataa. Ukasema, "Haya."

Sasa Alhamisi. Nilishuka mjini kwa bodaboda, nikakodi chumba cha nyuma kwenye duka moja la kuchapisha karatasi, maana pale mtandao una nguvu. Mvua ilikuwepo lakini haikukata kitu. Nilikuwa nimeanza tu kusema, walimu watatu wananitazama kwenye kioo, simu yako ikaingia. Picha ikaganda. Nikaikata. Nikaomba radhi, nikaendelea. Ukapiga tena. Mwalimu mmoja akaniambia, "Ndugu, hakikisha hakuna usumbufu." Dada, ipo sehemu kwenye simu ya kuzuia simu zisiingie huku mtandao ukiendelea. Nilijua ilipo. Niliibonyeza kwa kidole changu mwenyewe, nikaendelea kuwaeleza namna ya kupunguza utoro wa misiba.

Nilipomaliza walinipongeza. Nikaifungua simu nikiwa nimesimama mlangoni mwa lile duka. Ulikuwa umepiga mara sita, na ujumbe wako ulikuwa huu: "Ana nguvu kidogo, anataka kukusemesha. Nimemwekea simu sikioni. Pokea." Chini yake, wa pili: "Baba ametutoka."

Nilikupigia, nikasikia vilio nyuma yako, ukaniuliza, "Ulikuwa wapi?" Nikasema mvua imekata mtandao. Uongo ulitoka kabla sijauita.

Mlimzika Ijumaa baada ya sala, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwetu maiti hailali. Hilo nalijua tangu nina akili, na ndilo linalonishangaza mpaka leo. Mimi, mtoto wa Mzee Iddi, niliandika kanuni ya watu ambao maiti yao inasubiri, nikasahau kwamba yangu haisubiri. Kwa karatasi ile, Mnyakyusa yeyote angemzika baba yake bila shida. Mtu mmoja tu katika kituo kizima asingeweza, na ndiye aliyeiandika. Jumamosi mwanao Rajabu alinitumia picha ya karatasi ya mtendaji, ikiwa na mhuri. Nikampelekea Bwana Kelvin. Akanipa siku tatu. Kufika Kondoa ni siku mbili, kurudi ni siku mbili. Nilizihesabu nikacheka, nikashindwa kuacha kucheka.

Unakumbuka siku tuliyomzika Mama? Mimi na Baba ndio tulioshuka kaburini kumpokea. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba alimlaza kwenye mwanandani, akamgeuza uso, kisha kabla hatujapanda akanishika mkono kulekule chini. "Umeona inavyofanywa? Yangu utafanya wewe." Sikuwahi kukuambia. Nilidhani ni jambo la wanaume wawili.

Nilikaa chumbani mwangu hapa Kisondela. Zaidi ya Bwana Kelvin, sikumwambia mtu ila Mzee Salimu. Lakini huku habari ya kifo haihitaji mtandao. Jumatatu asubuhi nilisikia miguu kwenye matope, nikafungua, nikamkuta Mama Tusekile na mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake wanawake wenye kuni. Nyuma yao wanaume, na mabenchi wameyabeba kutoka kanisani. Walikuwa wachambuzi wangu, wapakiaji wangu, wote wenye kadi. Kituo kilikuwa wazi na wao walikuwa uani kwangu, mvua inawanyeshea.

"Ndaga, tata," aliniambia, neno lao linalobeba pole na shukrani pamoja. "Umefiwa, unakaa peke yako kama mchawi? Kwani sisi hatupo?"

Nilimwambia arudishe watu kazini, wataharibikiwa. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye homa. Wakawasha moto. Mzee Salimu akaja na wenzake wanne wa msikitini, wakasoma dua, na wale Wakristo wakavua kofia wakainama bila kuelewa neno hata moja. Mchana Mama Tusekile akakaa karibu yangu.

"Unaondoka lini kwenda kuzika? Tukuchangie watu wawili wa kukusindikiza, usiende safali yote ile mwenyewe."

"Ameshazikwa, mama. Tangu Ijumaa."

"Bila wewe?"

"Bila mimi."

"Na udongo wako nani alikutupia?"

Mama yule ambaye niliichukua kadi yake alilia kwa sauti mbele ya watu, akimlilia Baba ambaye hakuwahi kumwona, na mimi mwanawe wa kumzaa nilikaa nimekauka.

Kesho yake Bwana Kelvin alinitaka orodha ya watoro. Msiba wa baba wa msimamizi haumo kwenye karatasi. Nilimrudishia karatasi tupu. Nisijisifu hapa, haikusaidia kitu. Alichukua daftari la geti akaandika mwenyewe, na kadi zote zikarudi, wengine wana watoto shuleni, na mmoja amefanya kazi pale tangu kituo ni banda la mabati. Wamenipita njiani wananisalimia kama zamani. Hakuna aliyenilaumu hata kwa jicho. Afadhali wangenitukana, Dada, ningejua pa kusimama.

Kadi yangu mimi niliiweka mwenyewe mezani kwake. Cheti kilikuja jioni ileile, kwa barua pepe, kina nembo na saini tatu. Kimeandikwa Shabani Iddi. Jina la Baba limekaa pale kwa herufi kubwa, kwenye kitu kilichoniziba masikio wakati ananiita. Sijakichapisha. Sijakifuta pia, kwa sababu ya jina hilo.

Sikuandikii unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu ulimshikia simu sikioni ukidhani mvua imewatenga, na pengine unailaumu mvua, au unaulaumu mtandao, au unajilaumu kwamba ulichelewa kupiga. Hukuchelewa. Ulipiga kwa wakati. Ni mimi.

Kama alisema neno lolote kwenye ile simu isiyopokewa, usiniandikie. Niache kwanza nifike. Hata likiwa la laana, nataka nilisikie kwa mdomo wako.

Nakuja kwa arobaini. Nimebaki hapa siku hizi chache nikitembea na Mama Tusekile nyumba hadi nyumba kwa wale waliorudisha kadi, nawaomba radhi, maana nikiondoka bila hilo nitakuwa nimewakimbia na hawa pia. Kisha napanda basi.

Nisalimie Shangazi Mwanahamisi, mwambie sijasahau kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kusoma kabla ya chuo chochote. Nisalimie Mjomba Ramadhani aliyeswalisha. Rajabu mwambie ahsante kwa ile picha, alifanya kazi ya mtu mzima. Shemeji mpe mkono wangu, na jirani yetu Bi Zuhura aliyempikia Baba uji mpaka siku ya mwisho, mwinamie kwa niaba yangu.

Siku hiyo usiniwekee mkeka wa mtoto wa marehemu. Nitakaa na wageni. Nitapiga hodi, na ukinyamaza sitapiga mara ya pili, nitapitiliza makaburini. Naomba kitu kimoja tu, hata kama hutaki kuniona. Muombe yule aliyeshuka mahali pangu aweke jiwe au afunge kitambaa, maana katika watoto wa Mzee Iddi ni mimi peke yangu nisiyelijua kaburi la Baba.

Ni mimi mdogo wako,
Shabani